Amplifaya mpya, sikio lile lile

Muuzaji ameunganisha amplifaya mbili kwenye jozi moja ya spika, na katikati ameweka swichi. Duka ni dogo, la Kariakoo, na nje bodaboda hazinyamazi. Mteja amesimama na begi mgongoni, macho kwenye paneli yenye sindano mbili zinazocheza.

"Bosi wangu, hiyo ndiyo ya kwanza." Wimbo unapiga kidogo. "Sasa sikiliza na hii."

Swichi inalia.

"Eeh! Hii ina uzito. Hata mwimbaji amesogea mbele."

Ya pili ni bei mara tatu. Mteja anatoa pesa.

Tukio la namna hii hutokea kila siku katika maduka ya muziki, na kwa wiki kadhaa limekuwa likinikera. Mteja hakuota. Alisikia tofauti, na tofauti ilikuwepo. Swali ni kama aliyoisikia ndiyo aliyoilipia.

Desibeli mbili zinavyouza

Vitufe vya sauti vya amplifaya zote mbili vilikuwa vinatazama juu, saa sita kamili, na mteja akaona pambano ni la haki.

Nafasi ya kitufe haisemi chochote. Amplifaya moja inaweza kukuza mawimbi mara 20, nyingine mara 25. Simu ni ile ile, wimbo ule ule, lakini ya pili inatoka na karibu desibeli 2 zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kiasi hicho ni kidogo, na ukiulizwa ipi ina kelele zaidi unaweza kusita. Ukiulizwa ipi ni nzuri zaidi, husiti hata kidogo.

Hapo ndipo biashara ilipo. Ongezeko dogo la sauti ubongo hauliiti "kelele". Huliita uzito, usafi, uwazi. Sababu mojawapo ni kwamba sikio la binadamu ni zito kwa besi pale muziki unapokuwa chini. Ukipandisha muziki wote kidogo, besi ndiyo inayoonekana kupanda zaidi. Amplifaya haikuongeza besi, ila masikio yamefunguka kwake.

Muuzaji naye huenda halijui hili. Ameona tu, kwa miaka, kwamba ile inayopiga juu kidogo ndiyo inayotoka dukani.

Namna ya kulinganisha kwa haki

Unahitaji multimita, programu ya simu ya kutoa toni, swichi sahihi na mtu wa kukusaidia.

Anza na multimita. Ile ya njano ya bei poa, ambayo kila fundi anayo, ina skeli mbili tu za AC: volti 200 na 750. Inasoma kwa hatua za volti 0.1. Ukipima volti 2, hatua moja ni asilimia 5, sawa na desibeli 0.4, na hiyo inatosha kuharibu jaribio zima. Tafuta yenye skeli ya AC ya volti 2 au 20. Tumia toni ya hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde. Toni ya hezi 1,000 hupendekezwa sana, lakini multimita nyingi za bei nafuu zimeundwa kwa ajili ya umeme wa ukutani wa hezi 50, na masafa yakipanda zinaanza kudanganya.

Pima kwenye vituo vya spika, spika ikiwa imeunganishwa. Rekebisha amplifaya ya kwanza hadi isome volti 2.00, kisha ya pili vivyo hivyo, zisipishane zaidi ya volti 0.02. Hapo umezisawazisha ndani ya desibeli 0.1.

Swichi ndipo watu wanapounguza vifaa. Amplifaya ndogo nyingi za siku hizi, zile za chipu ya TPA3116 na ndugu zake, husukuma spika kwa pande zote mbili. Waya hasi nao una umeme wake, haujaunganishwa na kasha la amplifaya. Ukitumia swichi inayobadilisha waya chanya tu na kuziacha hasi za amplifaya mbili zimeshikana, chipu inaweza kufa pale pale. Kwa stereo chukua swichi ya nguzo nne, inayokata chanya na hasi za kulia na kushoto kwa pamoja. Na ukibadilisha, simamisha muziki kwanza.

Kisha zima macho.

Msaidizi arushe sarafu: ikiangukia kichwa ni A, ikiangukia mwenge ni B, aandike kwenye karatasi bila wewe kumwona wala kumsikia akiguna. Wewe unataja tu unachodhani. Rudia mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, kuna kitu, kwani uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha ni chini ya asilimia 4. Ukipatia 9 au 10, huna tofauti na aliyebahatisha, hata kama moyoni ulikuwa na uhakika.

Huo uhakika wa moyoni ndio unaosumbua. Mtu anayebahatisha hajisikii anabahatisha.

Waliofanya hivyo kabla yetu

Mwaka 1987 jarida la Stereo Review la Marekani lilipambanisha amplifaya za bei ya kawaida na za maelfu ya dola. Wasikilizaji walikuwa mchanganyiko wa wanaoamini tofauti za amplifaya na wanaozipinga. Sauti iliposawazishwa na macho yakaondolewa, majibu yao yalikaa pale pale kubahatisha kunapokaa.

Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio lao katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, AES. Walichukua rekodi za ubora wa juu kupita CD, wakazipitisha katika mlango wa CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1, kisha wakauliza watu kama wanasikia mlango huo ukiwekwa na kuondolewa. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Floyd Toole na Sean Olive, la mwaka 1994, kwa sababu lilihusu spika, na tofauti za spika zinasikika kweli. Waliwapa wasikilizaji 40 spika nne wazipe alama, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, kubwa na za kupendeza zilipanda alama, na ile ndogo ya plastiki ya bei nafuu ilishuka. Hao wasikilizaji walikuwa wafanyakazi wa Harman, kampuni inayotengeneza spika.

Shaka linalobaki

Wapo wanaosema majaribio haya yanambana msikilizaji. Ukikaa kama mtahiniwa, sekunde kumi hapa, sekunde kumi pale, vitu vya hila havijitokezi. Vinajitokeza baada ya wiki, usiku, ukiwa umetulia.

Hoja hii haistahili kutupwa. Jaribio lililoshindwa kuona tofauti halithibitishi kwamba tofauti haipo. Na mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 kuhusu rekodi zinazopita ubora wa CD, akakuta kwa ujumla watu walipatia asilimia 52.3. Ni kidogo, lakini kwa majaribio zaidi ya 12,000 haikuwa bahati tu, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi.

Kwa hiyo tofauti ndogo zinaweza kuwepo. Lakini angalia ukubwa wake. Watu waliojipanga, katika mazingira mazuri, wanazidi kidogo sana kurusha sarafu. Tofauti hiyo mteja wa Kariakoo hawezi kuisikia kwa sekunde kumi huku bodaboda zikipita. Alichosikia yeye kilikuwa kikubwa mara nyingi zaidi, na mwenye hoja ya "subiri wiki kadhaa" hawezi kumtetea.

Halafu wiki hizo kadhaa nazo zina mambo yake. Sikio huzoea. Spika mpya "inayofunguka" baada ya mwezi kwa kiasi kikubwa ni msikilizaji aliyeizoea.

Amplifaya zinapotofautiana kweli

Zipo hali nne ambazo hata pazia haliwezi kuzificha.

Ya kwanza ni nguvu kuisha. Chukua kibodi (bodi ndogo ya saketi) cha TPA3116 kinachouzwa kama "wati 50 mara mbili". Kikilishwa na adapta ya volti 12, kwenye spika ya omu 8 kitatoa karibu wati 9 tu kabla mawimbi hayajakatwa vichwa. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha volti kwa zenyewe, gawanya kwa mara mbili ya omu. Ukikipa volti 24, unapata karibu wati 36, ongezeko la desibeli 6. Hiyo ni upgredi inayosikika, na ni bei ya adapta tu. Mwisho wa chipu hiyo ni volti 26, kwa hiyo adapta ya laptop ya volti 19 ni salama, ya 24 iwe ya kweli isiyopanda. Kagua pia kapasita kubwa za kibodi. Zikiwa zimeandikwa 25V, umeshafika ukingoni. Badilisha kwa za 35V kabla ya kuwasha.

Ya pili ni amplifaya za valvu, zile za taa za kioo. Nyingi zina ukinzani mkubwa kwenye matokeo, na kwa kuwa omu za spika hupanda na kushuka kulingana na noti, sauti hufuata mawimbi hayo. Besi inavimba huku, sauti ya kati inazama kule. Wanaozipenda wanasikia kitu cha kweli. Ni ekolaiza isiyo na vitufe, na ya gharama, lakini sitamcheka mtu kwa kuipenda.

Ya tatu ni mvumo, nitaurudia. Ya nne ni amplifaya mbovu, ambayo haihitaji maelezo.

Nje ya hapo, amplifaya mbili nzima, zenye nguvu za kutosha kwa chumba, husikika sawa. Kigeuzi cha dijitali, kile kinachogeuza namba za wimbo kuwa mawimbi ya umeme, nacho ni hivyo hivyo. Kile kikebo cha Apple cha kuunganisha hedifoni kwenye tundu la USB-C, cha dola 9, hupima vizuri kuliko sikio linavyoweza kulalamika. Ila toleo la Ulaya lina nusu ya volti za toleo la Marekani, 0.5 dhidi ya 1, na ukivilinganisha bila kusawazisha utasema cha Marekani "kina nguvu". Desibeli tena.

Chumba ndicho amplifaya kubwa

Sasa tufike kwenye tofauti za desibeli 10, 15, hata 20. Hizi zipo sebuleni kwako na hazina bei.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, dari mita 2.7. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Igawe kwa mara mbili ya kila kipimo: unapata hezi 43, 57 na 64. Katika noti hizo chumba kinaimba pamoja na spika. Ukikaa umeegemea ukuta wa nyuma, noti ya 43 inakuvimbia. Ukikaa katikati kabisa ya urefu, noti hiyo hiyo inakaribia kupotea. Chumba cha mita 3 kwa 3 ni kibaya zaidi kwa sababu noti mbili zinaangukia pamoja.

Hapa niseme kitu kuhusu ushauri wa mtandaoni. Mwingi umeandikwa na watu wanaoishi katika nyumba za mbao zenye kuta za jasi, kama za Marekani. Kuta zile zinanesa, besi kiasi inapotea humo. Nyumba zetu ni tofali za saruji, sakafu ya marumaru, madirisha ya vioo na aluminiamu. Besi haina pa kutokea. Ndiyo maana sabufa iliyosifiwa huko ikija hapa inakuwa jitu linalonguruma noti moja. Dari ya jasi inasaidia kidogo. Zege tupu halisaidii.

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa haraka unaotetemeka, kuta mbili zinarushiana sauti. Zulia mbele ya spika, pazia zito lenye mikunjo, kochi la kitambaa badala ya ngozi, vyote vinakula sauti ya juu na ya kati. Vigae vyembamba vya sponji vinavyouzwa kwa ajili ya "studio" vinafanya kazi ya pazia tu. Ukitaka kujua kama kufyonza sauti kutakusaidia kabla ya kununua chochote, simamisha godoro la sponji la sentimita 15 ukutani nyuma ya unapokaa, sikiliza, kisha liondoe. Litatuliza sauti za waimbaji. Besi ya hezi 43 halitaigusa, kwani wimbi lake lina urefu wa mita 8.

Besi inatibiwa kwa mahali.

Na mahali ndipo tunapokosea wengi. Angalia sebule ya kawaida: sabufa imesukumwa kwenye kona ya kabati la TV, spika mbili ndogo zimepandishwa juu yake, zimegusana, moja inatazama mlango. Hiyo si stereo tena. Tenganisha spika kwa mita 2, zielekee kichwa chako, na wewe kaa mbali nazo kwa umbali unaokaribia huo huo. Twita, zile spika ndogo za sauti ya juu, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Stuli inatosha, mradi haitikisiki.

Umbali kutoka ukutani una hesabu yake. Sauti inayogonga ukuta wa nyuma ya spika na kurudi hukutana na ile inayotoka moja kwa moja. Wufa, ile spika ya besi ndani ya boksi, ikiwa sentimita 60 kutoka ukutani, mawimbi hayo mawili yanauana karibu na hezi 143, pale hasa sauti ya mwanamume na gitaa la besi vinapopata mwili. Ukisogeza hadi sentimita 20, shimo linahamia kwenye hezi 430, ambako pazia au godoro linaweza kulishughulikia, na ukuta unakuongezea besi. Ikizidi, punguza kitufe cha besi. Kupunguza ni bure. Kupandisha shimo la desibeli 10 kwa ekolaiza kunaitaka amplifaya itoe nguvu mara 10 katika noti hiyo, na shimo bado linabaki shimo kwa sababu kila unachoongeza kinauawa vile vile.

Kwa sabufa, ipo mbinu ya kizamani inayochekesha majirani. Iweke juu ya kochi, pale unapokaa. Piga wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi. Wewe tambaa kwa magoti ukipita kingo za chumba, masikio karibu na sakafu. Pale besi inaposikika sawa noti kwa noti, bila moja kunguruma kuliko wenzake, ndipo sabufa itakapokaa. Baada ya hapo jaribu swichi ya fezi, inayogeuza mwelekeo wa mawimbi ya sabufa, 0 na 180, ukiwa umekaa mahali pako. Acha kwenye upande wenye besi nyingi zaidi karibu na hezi 80, panapokutana sabufa na spika ndogo.

Malizia na toni inayopanda polepole kutoka hezi 30 hadi 200. Kioo cha kabati, mlango, bati, feni, kila kitu chumbani kitajitaja kwa zamu yake. Kipande cha kitambaa kinene au gundi ya karatasi kinanyamazisha vingi kati ya hivyo. Mara nyingi "spika imepasuka" ni glasi mbili kabatini.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho apakue REW, programu ya kupima sauti ya chumba ya John Mulcahy, ni bure, na atafute maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la usahihishaji. Mchoro wa kwanza huwa unatisha. Ni kawaida.

Wati za kwenye boksi

Boksi linasema PMPO (wati za kilele, za kutangazia) wati 10,000. Geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma kuhusu umeme kinaotumia. Kikiandika wati 60, hakuna muujiza utakaotoa zaidi ya 60, na baada ya joto huenda zikafika spika 30 au 40.

Hata hivyo wati zenyewe zinaheshimiwa kupita kiasi. Kutoka 30 kwenda 60 ni desibeli 3 tu. Ili muziki usikike kama umekuwa mara mbili unahitaji desibeli 10, yaani wati 300. Njia ya mkato ipo kwenye spika: yenye wepesi wa desibeli 90, yaani sauti inayotoa kwa wati moja ukiwa mita moja, ikilinganishwa na ya 84, inakupa desibeli 6, sawa na amplifaya yenye nguvu mara nne. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya spika na hakuna anayeiuliza dukani.

Waya, kwa ufupi

Shaba ya milimita mraba 0.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, ina omu 0.69. Kwenye spika ya omu 4 unapoteza desibeli 1.4. Ukitumia ya 2.5, hasara inashuka hadi 0.3. Kwa mita 3, waya laini wa 1.5 wa duka la vifaa vya umeme unatosha, na hakuna waya wa bei yoyote utakaoushinda nyuma ya pazia.

Kinachofaa kuogopwa ni waya bandia. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hesabu kama vile unene wake ni theluthi mbili ya ulioandikwa.

Na kabla ya kulaumu kitu chochote, hakikisha chanya imekwenda kwa chanya kwenye spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, besi inayeyuka na mwimbaji hana mahali pa kusimama. Yuko kila kona. Kama alama zimefutika, tenga spika na amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Koni, ule uso wa spika unaotikisika, ikitoka nje, upande uliogusa chanya ndio chanya. Usifanye hivyo moja kwa moja kwenye twita iliyofunguliwa, koili yake ni nyembamba.

Mvumo

Mvumo mzito unaokuja pale tu king'amuzi kinapounganishwa ni wa hezi 50, na chanzo chake ni mzunguko wa ardhi, yaani njia mbili za waya wa ethi zinazofanya duara, kati ya waya wa dishi na amplifaya. Chomoa waya wa dishi. Mvumo ukikoma, umempata. Dawa ni kuchomeka vyote kwenye soketi moja, au kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Kukata pini ya ardhi ya plagi ni kutafuta kifo.

Mvumo mkali kidogo, wa hezi 100, uliopo hata ingizo likiwa tupu, ni kapasita za umeme zilizokauka. Joto la pwani linazimaliza: kila nyuzi 10 zaidi hupunguza maisha yake karibu nusu. Weka za nyuzi 105, uwezo ule ule, volti zile zile au zaidi. Zina chaji hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo zimalize kwa kizuizi (rezista) cha omu 100 hivi, chenye wati za kutosha, kabla ya kuingiza mkono.

Na kama unatumia Bluetooth: simu iwe juu kabisa, sauti idhibitiwe kwenye amplifaya. Ukifanya kinyume, unakuza kelele za kipokezi kuliko wimbo.

Rekodi yenyewe

Spika nzuri haimrudishi aliyekatwa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za mizunguko 78, na sehemu kubwa ya masafa ya juu haikuingia humo. Twita mpya inakuletea mikwaruzo kwa uaminifu mkubwa. Nakala hizo zinapigwa vizuri zaidi ukichanganya kulia na kushoto kuwa mono, kwa sababu sehemu ya kelele ya santuri hufutana, halafu ukishusha kitufe cha juu kwa kiasi. Vivyo hivyo faili la MP3 la kilobiti 128 lililopita kwenye mikono mitano ya WhatsApp: kadiri spika inavyokuwa wazi, ndivyo matoazi yanavyosikika kama maji yanayochemka. Hapo upgredi ya kwanza ni kutafuta nakala nzuri ya wimbo.

Kama pesa ipo na inawasha

Nunua spika, na nunua za mtumba.

Lakini angalia mambo matatu. Kifaa kilichotoka Japani ni cha volti 100 na kikichomekwa ukutani kwetu kitatoa moshi. Kwa amplifaya au spika zenye umeme wake, soma kibandiko cha nyuma. Geuza vitufe vyote, vikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia inatosha. Kisha ondoa wavu na ubonyeze taratibu ukingo wa wufa kwa kidole. Ukingo wa mpira hudumu. Ule wa sponji, baada ya miaka 15 au 20 ya unyevu wa Dar, Mombasa au Unguja, unakatika kama keki kavu, na muuzaji anashusha bei kwa aibu.

Usikimbie. Sukuma koni kwa vidole viwili, sawasawa: ikienda na kurudi bila kukwaruza, koili ni nzima. Ng'oa masalia ya sponji, safisha kingo kwa spiriti, pima kipenyo cha ndani na cha nje kabla ya kuagiza ukingo mpya. Gundisha kwanza kwenye koni, uache ukauke, kisha kwenye fremu. Gundi ya fremu ikiwa bado mbichi, piga toni ya hezi 30 kwa sauti ya chini na usogeze koni kidogo kidogo hadi mkwaruzo upotee. Iache siku nzima, imelala kifudifudi isiguse kitu. Jozi ya wufa za inchi 8 iliyofufuliwa hivyo, mimi ningeichukua mbele ya amplifaya yoyote yenye sindano zinazocheza.